Kibao cha Kibanda cha Geti

Machi 4

Mvua imeanza, na Baba ameamua kwamba sebule si mahali pa kukaa watu tena. Tangu asubuhi ametoa viti, kabati la vyombo, hata cherehani ya Mama, vyote vimelundikwa ukumbini na sasa tunapita kiubavu kama kaa. Kilichobaki sebuleni ni meza yake. Juu ya meza hiyo kuna stesheni yetu ya zamani, kama ilivyokuwa miaka thelathini iliyopita: reli, mabehewa, tangi la maji, nyumba za wafanyakazi, vyote vimepunguzwa hadi mlango wa kupita mtu mzima ni mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Treni zinakwenda kwa umeme na zinapiga honi. Baba alikuwa stesheni masta pale mpaka alipostaafu, na mtaa mzima bado unamwita Bwana Stesheni. Akiitwa hivyo anavimba kichwa mpaka leo.

Mvua ikiisha, wazee wa reli waliofanya kazi naye watakuja kuitazama. Mimi nimepewa vibao. Ndiyo kazi yangu, naandika vibao vya maduka: Duka la Dawa, Hapa Hatukopeshi, Usikojoe Hapa. Mume wangu aliponirudisha kwetu nilikuja na begi moja na brashi zangu, na Baba akasema mlangoni, "Angalau brashi umejua kuzitunza." Ndivyo nilivyokaribishwa nyumbani.

Nimenunua daftari hili ili nisiwajibu watu wa nyumba hii kwa mdomo.

Machi 5

Mvua. Nimeandika "Choo" mara sita, kila kimoja kidogo kuliko punje ya mchele. Baba amekubali cha sita.

Machi 9

Baba ana kanuni moja: hakiingii mezani kitu ambacho hakikuwepo. Ukimwekea mti mahali palipokuwa na kichaka, anaung'oa kwa vidole viwili na kuutupa dirishani bila neno. Jana aling'oa benchi zima kwa sababu nililipaka kijani na lilikuwa la kijivu.

Kibao nakata kwenye bati la kopo la maziwa. Napiga msasa, napaka rangi nyeupe, nasubiri ikauke, kisha naandika herufi kwa brashi yenye nywele tatu, jicho kwenye lenzi niliyoifunga kwenye shingo ya taa. Hapo bado sijafanya kitu. Kibao kipya hakuna atakayekiamini. Lazima kizeeke. Nakwaruza rangi pembeni, pale mikono ya watu ingegusa. Nasaga kutu ya misumari ya zamani na kuipaka chini ya kila parafujo, kisha naivuta kwa tone la maji ili iwe mchirizi, maana mvua hushuka hapo. Nyekundu naichujua kwa msasa laini kwa sababu jua huanza nayo. Vumbi ni chai iliyokolea. Moshi wa treni ni masizi ya mshumaa.

Baba anakuja na lenzi yake. "Hiki kilikuwa chini ya paa lililovuja upande wa kushoto. Michirizi ya kushoto iko wapi?" Nikitazama picha ya zamani, kweli, paa lilivuja upande wa kushoto. Mzee huyu anakumbuka mpaka parafujo lililokosekana. Inaniudhi na inanipendeza vilevile. Nimekaa naye mwezi mzima hajawahi kuniita kwa jina wala kusema "umeweza". Anasema "huyu." Mwambie huyu alete gundi.

Machi 14

Leo kaja Santuri. Jina hilo nimempa mimi na sijuti, kwa sababu ana wimbo mmoja tu na sindano yake haitoki kwenye mstari.

Ni mjane wa mlinzi wa geti, pale barabara ilipokatiza reli, mbele kidogo ya stesheni. Miaka thelathini iliyopita, usiku wa mvua, treni ilipita na geti lilikuwa wazi. Likagongwa gari dogo, wakafa ndugu wawili, watoto wa mama muuza mikate. Kwenye uchunguzi mlinzi alisema yeye hufunga geti akipigiwa simu kutoka stesheni, na usiku ule simu haikulia. Baba alisema simu ilie isilie, ukutani mwa kibanda cha mlinzi kulikuwa na kibao chenye amri: GETI LIFUNGWE BILA KUSUBIRI SIMU. Wachunguzi walipofika mafuriko yalikuwa yamekibeba kibanda chote. Likabaki neno la mtu mwenye kofia ya reli na neno la mtu mwenye taa ya mafuta. Mlinzi akafukuzwa kazi, watu wakamwita Muuaji barabarani, na baada ya miaka michache akafa na jina hilohilo.

Basi mjane wake huja kumwamkia Mama, anashika kikombe kwa mikono miwili, na anaanza. "Mume wangu alikuwa anajua kusoma, dada. Kingekuwepo angekisoma."

"Ndiyo, dada," anasema Mama.

"Hakikuwepo."

"Haya, kunywa chai."

Huko sebuleni Baba akasikia. Akapiga honi ya treni yake ndogo, ndefu, mpaka bibi akanyamaza. Nilicheka. Alipoondoka nikamwambia Mama, "Huyu shangazi hachoki? Miaka thelathini kibao kimoja!" Mama hakucheka, alikwenda kuosha kile kikombe.

Machi 15

Mvua. Bati la jikoni linavuja. Baba hana habari nalo, bati la stesheni yake halivuji.

Machi 23

Vibao vinakwenda vizuri. Nimemaliza kinyozi, nimemaliza chumba cha kungojea, nimemaliza "Usivuke Reli" viwili na kimoja nimekitoboa kwa sindano kana kwamba watoto walikipiga mawe. Baba alikitazama sana kile. Hakukirudisha.

Mama amesimama tangu saa nane akimshikia taa. Mguu wake umevimba. Alipotaka kukaa, Baba akamwambia, "Ukikaa kivuli kinahama." Akasimama.

Leo pia Baba amemweka mlinzi wa geti mbele ya kibanda chake. Kamtengeneza mwenyewe kwa nta na kamkalisha kitini, kichwa nyuma, mdomo wazi, anakoroma. Ni mdogo kama siafu, lakini ukiweka lenzi unaona kila kitu, mpaka kitambi. Nilicheka tena, ndiyo. Ni kazi nzuri.

Machi 30

Baba ameagiza kibao cha kibanda cha geti. Kile cha amri.

"Nipe picha," nikasema.

"Hiki hakina picha. Nitakueleza." Akaeleza: cha chuma, cheupe, maandishi mekundu, maparafujo manne.

Aprili 2

Nimempelekea. Kakitazama, kakirudisha. Kumbe kilikuwa cha mbao.

Aprili 6

Cha mbao, kama alivyosema. Kakirudisha. Maandishi yalikuwa meusi, si mekundu.

Aprili 8

Kakirudisha. Kumbe kilikuwa cha chuma, alisema tangu mwanzo, mimi ndiye sisikii. Nyuma ya kiti chake Mama alinitazama na kutikisa kichwa mara moja, polepole, na mimi nikafunga mdomo.

Aprili 9

Mvua ya mawe. Nimeandika kibao cha bucha mjini, kikubwa kuliko kitanda. Raha iliyoje kuandika kwa mkono mzima!

Aprili 13

Sijalala vizuri. Nakitafuta kibao kile kichwani mwangu na sikipati.

Nilikuwa na miaka minane, tisa, na nilikuwa nashinda kibandani pale kwa sababu nyumbani Baba alikuwa hataki kelele. Mlinzi alinipa chaki. Ukuta ule ulikuwa wa mbao zilizopakwa lami, mweusi tii, na yeye akaniandikia a, e, i, o, u, nami nikaandika chini yake. Tulijaza ukuta mzima, kutoka mlangoni mpaka kona, tunafuta kwa gunia, tunajaza tena. Palikuwa na msumari mmoja wa taa. Kingekuwepo kibao chochote ningekigonga kwa kichwa. Baba anakumbuka parafujo lililokosekana kwenye mlango wa choo cha daraja la tatu, lakini hajui kama kibao kilichomwokoa kilikuwa cha mbao au cha chuma!

Nimeandika hivyo, na sasa nalificha daftari chini ya godoro.

Aprili 20

Nimemuuliza. Sijui nilitarajia nini.

Alikuwa anapaka mafuta magurudumu ya injini. Nikaketi, kitu ambacho hakipendi, nikasema, "Baba, mimi nilikuwa nashinda kwenye kibanda kile. Kibao sikukiona."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa najifunza kusoma. Nilikuwa nasoma mpaka vifuko vya chumvi. Nisingekosa kukisoma kibao."

Akaendelea kupaka mafuta. Gurudumu moja, la pili, la tatu. Kisha akaiweka injini relini, akafuta vidole, kimoja kimoja.

"Unajua kwa nini mumeo alikurudisha?"

Niliitazama injini.

"Alikuja hapa kuniomba radhi, mwanamume mzima, nikamwonea huruma. Akasema, mzee, binti yako hajui mahali pa kunyamaza. Nikamwambia najua, nimeishi naye." Akacheka kidogo. "Nilikupokea. Kaka zako walisema nisikupokee, nikasema ana mkono, mkono wake utatufaa. Sasa nataka kibao changu. Cha chuma, cheupe, maandishi mekundu, maparafujo manne, miaka kumi ya mvua. Ukishindwa yuko kijana wa mjini anachapa kwa mashine."

"Kanuni yako inasemaje, Baba? Hakiingii mezani…"

"Kanuni ni yangu," akasema, akawasha umeme, na treni ikaondoka.

Nilitoka nikasimama ukumbini kati ya kabati na cherehani. Nilikuwa na hasira ya kuvunja kitu, lakini nitakwenda wapi? Nina miaka thelathini na tisa na begi moja. Na kilichoniuma zaidi, naona aibu kukiandika, ni yule kijana wa mashine. Nilitamani kumwonyesha Baba kwamba mashine haiwezi.

Aprili 21

Mama ameniambia tukiwa wawili tu jikoni, sufuria likichemka ili sauti isitoke.

"Usiku ule baba yako alikuja nyumbani kubadilisha soksi. Zilikuwa zimelowa. Nikampa kavu, nikampa chai, akajinyoosha kidogo. Akashtuka treni imeshapita."

"Soksi?"

"Soksi, mwanangu."

"Na wewe ulinyamaza."

"Nilikuwa na watoto watano na nyumba ya reli," akasema. "Mke wa mlinzi hakuwa na mtoto." Alisema hivyo kama anayenieleza bei ya sukari, kisha akafunua sufuria na kukoroga. Nimekuwa nikimwona Mama mnyonge maisha yangu yote. Leo nimemwogopa.

Aprili 22

Mvua kutwa. Sikugusa brashi.

Aprili 27

Nimekigusa. Nilijiambia nakimaliza tu ili mzee anyamaze.

Shida ni kwamba nilipoanza nilisahau. Nilifikiria upepo ungekuja kutoka upande gani, moshi ungeganda kona ipi, mlinzi akitundika koti lake pembeni yake lingekwaruza wapi. Nikakwaruza hapo. Nikafanya parafujo la chini kulia liwe jipya kuliko mengine, kana kwamba liliwahi kubadilishwa. Herufi ya mwisho nikaiacha imebanwa kidogo, kama fundi aliyeishiwa nafasi. Nilipoinua jicho kutoka kwenye lenzi ilikuwa jioni, na mbele yangu kulikuwa na kibao kilichonyeshewa miaka kumi. Sijawahi kufanya kizuri kama hicho. Mungu wangu, nilitabasamu.

Mei 3

Kakikubali. Alikibandika mwenyewe, na mkono wake ulikuwa mpole kama anayemlaza mtoto mchanga. Mlinzi wa nta anakoroma chini yake.

Mei 9

Santuri hajaonekana wiki mbili. Mama kanituma nimpelekee supu, anaumwa kifua.

Chumba chake ni kimoja, nyuma ya ghala. Kitanda, jiko, kamba ya nguo, na koti la mumewe la reli kwenye hanga, limepigwa pasi. Miaka hii yote amelipiga pasi! Nilimnywesha supu kwa kijiko. Nilisubiri aanze wimbo wake, hakuanza, akaniuliza kama mume wangu alikuwa akinipiga. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo. Nikasema ndiyo. Akasema, "Wangu hakuwahi kuinua mkono. Ndiyo maana sikuona shida kumsemea."

Kisha akasema walipomfukuza mumewe kazi walimnyang'anya taa na filimbi lakini koti wakalisahau. Na siku anakufa alimshika mkono akamuuliza, "Wewe unaniamini?" Naye akamjibu, "Nakuamini." Akamuuliza tena. Mara tatu. "Nina hilo tu, mwanangu," akaniambia. "Sina mtoto, sina shamba. Nina kwamba nilimwamini na nilikuwa sawa."

Nilikaa na kile kijiko mkononi. Nikakumbuka nilivyocheka honi ilipopigwa.

Ndipo nikapata wazo, na nikajiona mtu mwema kweli. Nikamwambia, "Shangazi, Jumamosi ya wiki ijayo njoo nyumbani. Wazee wa reli wote watakuwepo. Stesheni nzima iko mezani, na kibanda chenu kipo. Uje uutazame ukuta wake."

"Bwana Stesheni atanifukuza."

"Hatakufukuza mbele ya wageni. Njoo."

Mei 10

Mvua inapungua. Mama ameniuliza nina nini, nikasema sina kitu.

Mei 16

Wakati Baba anaoga nimekibandua kile kibao kwa wembe. Nimekitia kwenye kiberiti kitupu, kiberiti mfukoni mwa gauni. Kesho wazee watauona ukuta mtupu, bibi atauona, na Baba hataweza kusema neno bila kujiumbua. Nimepiga moyo konde. Nina furaha kama mwizi.

Mei 17

Walikuja wazee saba, na Santuri. Alivaa gauni lake la heshima na alikaa karibu na mlango. Baba alimwona. Akamwitikia shikamoo yake kwa upole mpaka nikashangaa, akamwambia, "Karibu, karibu mbele, usikae huko nyuma." Hapo ningepaswa kujua kwamba ana lake.

Akazima taa kubwa, akawasha za stesheni. Treni ikatoka, ikapiga honi, na wale wazee wakawa watoto. "Ala! Kinyozi wetu huyo!" "Tazama bomba lililopinda, mimi ndiye niliyelipinda!" "Hiki kibao cha Usivuke Reli, watoto wangu ndio waliokitoboa, niliwachapa wote!" Kila mmoja alikuwa na lenzi, kila mmoja alipata kitu chake. Dereva mmoja mzee, mrefu, alifuta macho kwa kofia. "Hakuna kilichoongezwa," akasema. "Wallahi hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa." Wenzake wakaitikia.

Santuri alikuwa amefika kwenye kibanda. Aliinama. Alimwona yule mlinzi wa nta anayekoroma, nikaona midomo yake ikikaza, lakini macho yakapanda ukutani, na pale akatulia. Akasimama wima.

"Mnaona?" akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Njooni muone wote. Ukuta mtupu! Yeye mwenyewe kautengeneza, na ukuta ni mtupu!"

Wazee wakatazamana. Nikasema kimoyomoyo, haya, Baba, sema sasa.

Baba akasogea polepole na lenzi yake. Hakushtuka hata kidogo. "Ah," akasema. "Kimeanguka. Tazameni, alama ya gundi hii hapa. Kilikuwepo jana. Nisaidieni kutafuta, jamani, kisikanyagwe, ni kidogo."

Na wale wazee, wenye magoti mabovu, wakapiga magoti sakafuni mbele yangu wakapapasa kwa viganja. Hata Santuri. Jamani, hata yeye alipiga magoti. Alipapasa chini ya meza pamoja nao, kwa adabu, kwa sababu mwenye nyumba ameomba msaada, na mimi nimesimama juu yao na kiberiti mfukoni.

Baba hakuwa anatafuta. Alikuwa ananitazama.

"Msihangaike, wazee wangu, inukeni," akasema. "Fundi wangu yupo. Vibao vyote mnavyovililia ni mkono wa binti yangu huyu. Mimi ni wa kuelekeza tu, mwenye kipaji ni yeye." Akanishika bega. Hajawahi kunishika bega. "Na bahati nzuri, utotoni alikuwa akishinda kibandani pale. Hakuna shahidi kama yeye. Mwanangu, waambie. Ukutani palikuwa na kibao?"

Wote walinitazama. Yule dereva mrefu alikuwa bado ananitabasamia machozi yakimtoka. "Binti," akasema, "umenirudishia maisha yangu yote leo." Mama alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Na Santuri, bado amepiga magoti pale chini, alinitazama kwa matumaini makubwa, kama ninayemfungulia mlango.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Sikulazimishwa. Mkono wa Baba haukuniminya. Nilitaka tu ubaki pale begani.

Nikatoa kiberiti. "Kilikuwepo," nikasema. "Nilikitoa kukirekebisha." Nikakibandika mahali pake.

Santuri aliomba lenzi. Alisoma, midomo ikitembea, neno kwa neno. Alirudia tena. Kisha akawa hasomi, anatazama tu.

"Kina kutu," akasema. "Kilikaa muda mrefu."

Akainama tena juu ya lenzi.

"Nakikumbuka," akasema baadaye. "Nilimpelekea shuka siku moja. Kulikuwa na kitu chekundu ukutani. Nilikuwa nimesahau." Akamrudishia dereva lenzi yake kwa mikono miwili. "Basi alikiona kila siku. Akanishika mkono akaniuliza kama namwamini, na alikuwa amekiona kila siku."

Mama alidondosha kikombe kimoja. Baba akasema chai iletwe.

Mei 18

Wakati wa chai ya asubuhi Baba kaniita kwa jina langu. Akasema mchirizi chini ya parafujo la kulia ulikuwa sawasawa kabisa. Nilikula vipande vitatu vya mkate.

Mei 19

Mama hasemi nami. Na yeye je, alisema lini?

Mei 22

Jua. Nguo zote zimeanikwa.

Mei 25

Santuri amekuja asubuhi. Hakuingia, alisimama kizingitini na mwavuli, maana manyunyu yalirudi. Amekonda kwa siku nane kuliko alivyokonda kwa miaka thelathini.

"Nisindikize, mwanangu," akasema. "Nataka kwenda kwa mama wa wale ndugu wawili, nikaombe radhi kwa niaba ya marehemu. Peke yangu naogopa. Na wewe unaaminika."

Nilichukua kanga nikaenda. Ningefanyaje? Njiani nilisema, "Shangazi, lile la kibao…" Akanishika mkono. "Usinifariji. Ulifanya vema kusema kweli mbele ya watu. Wengine wangenionea haya." Nikasema tena, "Shangazi," akasema, "Tazama dimbwi," nikaruka dimbwi, na baada ya hapo sikusema. Koti la reli la mumewe, aliniambia, amelitoa kwa mwokota makopo.

Mama muuza mikate siku hizi ni kikongwe, haoki tena. Alifungua mlango mwenyewe, anatembelea fimbo. Santuri alipiga magoti hapo hapo nje, kwenye tope, na gauni lake la heshima. Mimi nilimshikilia mwavuli.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Mume wangu aliwaua wanao. Kibao kilikuwepo, alikisoma, hakufunga. Nami nimepita mlangoni pako miaka yote nikimtetea."

Kikongwe aliegemea fimbo yake.

"Ebo," akasema mwishowe. "Mwanamke wewe. Mwanzoni nilikuwa nakulaani kila ulipopita. Halafu nikasema, mtu hawezi kusema uongo miaka yote hii bila kuchoka. Nikaanza kukuamini. Nimemsamehe mumeo kwa sababu yako, nimemwombea dua pamoja na wanangu. Unataka nifanye nini sasa?"

Santuri aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa kizingiti. Kikongwe akanigeukia mimi.

"Na huyu ni nani?"

"Ni fundi wa vibao," akasema Santuri kutoka chini. "Ndiye shahidi. Alikuwa akicheza kibandani pale."

Kikongwe akasogeza uso wake karibu na wangu. Macho yake yana ukungu, sidhani kama aliniona vizuri.

"Ulikiona? Kwa macho yako?"

Kila neno la kweli nilikuwa nalo tayari mdomoni: soksi, chaki, ukuta wa lami. Ningelisema pale, habari ingefika mtaani kabla ya chakula cha mchana, na jioni nisingekuwa na nyumba ya kurudi.

"Nilikiona, mama," nikasema.

Akatema mate, hayakunipata mimi, yalimpata Santuri begani, kisha akafunga mlango. Nilimwinua. Alikuwa mwepesi. Nilimpangusa bega kwa ncha ya kanga yangu, na yeye akasema asante, mwanangu, Mungu akulipe, tukarudi taratibu chini ya mwavuli mmoja.